Jengo la Nyuma ya Jiko

Shamba la ngano, Basotu
12 Machi 2006

Mama Gerald,

Huku tuko wazima. Mvua imekuja kwa fujo lakini ngano imesimama vizuri. Mwekezaji mpya amepunguza watu tena. Tumebaki madereva wachache na mafundi wawili, nami nimo, namshukuru Mungu. Ndiyo maana siwezi kuomba ruhusa sasa. Anayetoka getini kabla ya mavuno, akirudi anakuta kiti chake kimekaliwa.

Mama anaendeleaje na kikohozi? Nimempa Patriki blanketi amletee, najua baridi ya Tlawi haimwonei huruma mzee. Msomee barua hii, mwambie mwanao anasema shikamoo.

Patriki alipita hapa na lori la vitunguu, tukala pamoja. Amesema aliona pikipiki nyekundu nyumbani kwetu. Haikuegeshwa mbele kama wageni wanavyoegesha, ilikuwa nyuma ya zizi. Aliitambua, ni ya Hamis mwenye duka la vipuri pale Mbulu mjini. Patriki ni mtoto wa baba mdogo, hana sababu ya kunitungia.

Mimi sisemi kitu. Nauliza tu, Hamis ana shida gani na zizi langu?

Msalimie Gerald. Mwambie baba ataleta buti.

Mumeo,
Bura

*

Tlawi
26 Machi 2006

Baba Gerald,

Barua yako na blanketi vimefika. Mama amelipokea akalinusa, akasema linanuka dizeli kama wewe. Anakula vizuri siku hizi. Jumapili alikwenda kusali kwa miguu yake na akakaa mpaka mwisho wa kikao cha akina mama, unajua wenzake bila yeye hawaanzi. Kikohozi kimepungua. Anasema usimfikirie, fikiria kazi.

Kuhusu pikipiki. Hamis anamleta dada yake, Hadiya, anayetufundisha ushonaji akina mama wachache wa huku juu. Siku hiyo mbele ya nyumba palikuwa na matope, akapeleka pikipiki nyuma. Ni hivyo tu.

Maharage yamechanua. Gerald amejifunza kuhesabu, ila anaruka saba kila siku, sijui saba ilimkosea nini.

Ukipata nafasi, uje. Hata kabla ya mavuno.

Mkeo,
Judith

*

Basotu
20 Aprili 2006

Judith,

Nimekaa na barua yako muda mrefu kabla ya kujibu, kwa sababu nilitaka kwanza nijue.

Efrazia mke wa Patriki anakaa ng'ambo ya bonde tu, na hajasikia habari ya ushonaji. Hakuna mama yeyote huko juu anayeshona. Hakuna hata cherehani. Kwa hiyo huyo Hadiya anawafundisha kushona kwa vidole?

Na kuna lingine. Patriki alikuona hospitali ya mjini. Hukuwa wodini wala kliniki ya watoto. Alikuona ukitoka kwenye lile jengo la nyuma ya jiko, na kila mtu anajua jengo lile ni la watu gani. Ulikuwa umekumbatia mfuko mweusi kifuani kama mwizi wa kuku. Halafu ukapanda pikipiki ya Hamis.

Nakuuliza kama mumeo. Unaumwa? Kama unaumwa, umeupata wapi? Usinijibu kwa maharage na Gerald.

Nimemwambia Patriki aende kwa mama akamwulize uso kwa uso. Barua zangu kwa mama unazisoma wewe, na mimi sijui unasoma lipi na unaruka lipi.

Bura

*

Tlawi
3 Mei 2006

Baba Gerald,

Patriki alikuja, akaketi kwenye kiti chako. Akamwuliza mama mbele yangu, "Mama mkubwa, huyu mke wa Bura anatoka kwenda wapi?" Mama akamtazama, akasema, "Judith hana kosa." Kisha akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake. Nadhani Patriki amekwisha kukueleza, ila sijui amekueleza kwa sauti gani.

Ni kweli, hakuna cherehani. Nilikudanganya, na sijalala vizuri tangu nilipoandika lile neno. Ni kweli pia nilikwenda jengo lile, na nitakwenda tena. Hamis hajawahi kukaa hata kwenye kigoda chetu. Anamleta dada yake, anasubiri nje, wanaondoka.

Sina ninaloweza kuongeza kwenye karatasi. Kuna maneno hayaandikiki. Njoo, Bura, hata kwa usiku mmoja. Usimtume mtu, njoo wewe mwenyewe, ukae na mimi na mama mezani.

Barua zako nazisoma zote kwa mama, neno kwa neno. Hata ile ya mwizi wa kuku nilimsomea.

Judith

*

Basotu
14 Mei 2006

Judith,

Mtu asiye na kosa hasemi "sina la kuongeza". Anaongeza mpaka mwenzake anachoka.

Umekiri jengo, umekiri uongo, unaniambia niache kazi nije nikae mezani. Kwa hiyo nimekaa na Patriki na tumekubaliana. Jumamosi atakuja na lori. Utarudi kwa baba yako Masieda mpaka mavuno yaishe, ndipo wazee wakae. Gerald anabaki. Efrazia atahamia kwa mama amhudumie.

Kuanzia leo usimpikie mama. Kikombe chako, sahani yako na kijiko chako vitengwe, usiviache vikachanganyika na vya kwake. Yule mzee amenilea kwa jembe la mkono, sitakubali afe kwa sababu ya starehe zako na mwenye duka la vipuri.

Barua hii nimemwambia Patriki ndiye amsomee mama.

Bura

*

Masieda
23 Mei 2006

Dada Hadiya,

Shikamoo. Hii barua inakuja kwa mkono wa katekista wetu anayekuja mjini. Nimeibandika kwa uji wa ngano, ukiona imefunguliwa nijulishe.

Wameniondoa. Patriki alisimama uani akasoma barua ya mume wangu kwa sauti, yote, mpaka kijiko. Gerald alikuwa ameshika sketi yangu. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na mimi nikamtazama, nikangoja. Dada, nilingoja kweli. Nilijua neno moja tu likimtoka, Patriki angekunja ile karatasi. Mama akatazama chini. Halafu akaja akamtoa Gerald kwenye sketi yangu.

Yeye ndiye aliyeniapisha. Siku ile tuliyotoka kwenye majibu pamoja, ya kwake hivi na ya kwangu vile, aliniambia, "Bura asijue kamwe. Akijua yangu atauliza ya baba yake, na baba yake alimzika kama mfalme." Mimi nikakubali. Nilidhani siri ya mtu mzee ni mzigo mwepesi.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Dawa zake ziko kwenye mtungi wa mbegu chini ya kitanda chake. Za asubuhi nilikuwa nampa watoto wa shule wakipita njiani, za jioni kuku wakiingia bandani, maana saa ya ukutani haisomi. Peke yake atasahau, au atamwogopa Efrazia asimeze. Ninyi wahudumu wa wagonjwa majumbani mlitufundisha kwamba kuruka ndiko kunakoua. Tafadhali nenda kamwone.

Na kuna swali linanikereketa, usikasirike. Nani alimwambia Patriki habari za jengo lile, na siku yangu ya kwenda? Tulijua wewe, mimi, mama na kaka yako Hamis. Nimeanza kumtilia kila mtu shaka, hata wewe. Nisamehe, lakini nauliza.

Mdogo wako,
Judith

*

Mbulu mjini
2 Juni 2006

Mdogo wangu Judith,

Marahaba. Barua imefika, haikufunguliwa.

Swali lako halijaniudhi. Mimi mwenyewe ninaishi na virusi tangu marehemu mume wangu alipokuwa hai, na wewe unalijua hilo kwa sababu nilikuambia kwa mdomo wangu. Hamis anajua kwa sababu ni ndugu yangu, na ananibeba kwenye pikipiki kwenda kwa wagonjwa kwa sababu hakuna mwingine wa kunibeba. Wanamwita majina mengi mjini. Anacheka, anawasha pikipiki, tunaondoka. Angekuwa na mdomo, mimi ndiye angeniuza kwanza.

Lakini fikiri mwenyewe. Jiko la hospitali linaziba jengo lile. Ukiwa barabarani huoni mlango wake, wala ukiwa wodini. Aliyekuona ukitoka mle alikuwa ndani ya ua ule. Zaidi ya hapo usiniulize, maana hata ningejua nisingekujibu. Kazi yangu haina maana kama ninatunza siri za wale ninaowapenda tu.

Kwa mama nimekwenda. Efrazia alisimama mlangoni akasema mzee amelala. Nilikuwa namsikia akikohoa. Nikasema kwa sauti ya kufika ndani, "Mwambieni Hadiya anasalimia, na kwamba watoto wa shule wamekwisha kupita." Efrazia akanitazama kama mwendawazimu. Kikohozi kikanyamaza. Sijui kama alimeza, lakini alisikia.

Nitarudi. Nawe kula. Wewe ndiye msaidizi wake wa dawa, na msaidizi akianguka, mgonjwa anaanguka naye.

Hadiya

*

Basotu
19 Juni 2006

Judith, mke wangu,

Sijui kama nina ruhusa ya kukuita hivyo. Naandika tu, ukitaka kuchana, chana.

Mama yuko hapa. Alikuja juzi, mimi nikiwa chini ya kombaini nafunga mkanda. Nikasikia mlinzi anasema, "Fundi, kuna bibi hapa getini, anasema hatoki." Nikatoka nikamkuta amekaa juu ya gunia, amejifunga lile blanketi, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa amebadilisha mabasi, na kipande cha mwisho alipewa lifti na lori la mbao. Hakumuaga Efrazia. Alimwacha Gerald kwa katekista wa Tlawi, akasema anakwenda kusali.

Nikampeleka chumbani. Nikamimina chai. Nikampa kikombe changu, maana nina hicho na kile cha bati tu. Akakisukuma.

"Nipe cha bati," akasema, "halafu ukitenge."

Nikadhani safari imemchosha. Nikasema, "Mama, kunywa."

Akasema, "Uliandika kikombe cha mgonjwa kitengwe. Nilisomewa uani, watu wakisikia. Basi mgonjwa ni mimi, Bura. Kikombe ulichokitenga ni changu. Judith alikuwa ananibebea."

Nilicheka, Judith. Mungu anisamehe, nilicheka, kwa sababu kichwa hakikuwa na pa kuliweka neno hilo. Ndipo akafungua fundo la khanga akatoa kopo la dawa, akalitikisa mbele yangu kama mtu anayeita kuku. Akaniuliza, "Hizi ni za starehe za nani?"

Akanieleza yote. Kwamba ni mwaka sasa tangu ajue. Kwamba baba hakufa kwa kifua peke yake, na yeye alishuku tangu wakati ule, akanyamaza kwa sababu mimi nilikuwa nikimtaja baba kila mahali. Kwamba wewe ulipima naye siku moja ili asiogope, na yako yalitoka salama, na ulikubali kuwa msaidizi wake, na yeye ndiye aliyekuapisha. Nikamwuliza, "Mbona Patriki alipokuwa akisoma hukusema?" Akasema, "Niliwaona majirani kwenye uzio. Nikaona nikupoteze wewe au nimpoteze yeye. Nikampoteza yeye, kwa sababu hakuzaliwa tumboni mwangu. Tangu siku hiyo dawa hazipiti kooni. Nimeruka nyingi."

Jana nilimpeleka Katesh, wakamsikiliza vizuri na kumpa dawa za kumfikisha nyumbani. Nesi akauliza, "Bibi, msaidizi wako ni nani?" Mama akasema, "Mkwe wangu, Judith." Nesi akasema, "Lakini hayupo hapa. Tumwandike huyu kijana?" Mama akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye buti. Akasema, "Huyu ni mwanangu. Ila bado sijui kama anaweza."

Nimeomba ruhusa, wamenikatalia, ngano imeiva. Nimewaambia nitaondoka hata hivyo. Nikija Masieda, baba mkwe atanipokea?

Bura

*

Masieda
30 Juni 2006

Bura,

Sikuichana. Niliisoma nikampa baba yangu, naye akaisoma, akainuka akaenda kukata kuni ambazo hazikuhitajika.

Usiache kazi. Mama atahitaji nauli ya kliniki na chakula cha kueleweka, na wewe bila ngano huna kitu. Maliza mavuno. Nilikungoja tangu Machi, naweza kungoja tena.

Namshukuru mama kwa kuja huko kwako. Najua safari ile. Lakini usiniambie nimsamehe kwa sababu ni mzee na ni mgonjwa. Nilikuwa namkanda miguu kila jioni, na siku ile alinitazama nikipanda lori kama gunia la vitunguu. Nitamsamehe, nadhani, ila iwe kwa wakati wangu, na aniombe yeye, si wewe.

Sasa la kwako. Ulipoamini kwamba ninaumwa, uliuliza nimeupata wapi, ukajijibu, kwa Hamis. Mwanaume anayekaa mbali na nyumba miezi na miezi, akaambiwa mkewe ana virusi, hata siku moja hakujiuliza kama umetoka kwake? Nimelifikiria hilo usiku mwingi. Ama unajua hujafanya lolote, au hukuona kwamba hata wewe unaweza kuulizwa. Sijui ni lipi kati ya hayo. Wewe ulinitilia shaka kwa maneno ya Patriki. Mimi nakutilia shaka kwa ukimya wako.

Mimi nimepima. Mama amepima. Kwenye nyumba yetu bado wewe.

Kapime. Halafu uje kwa baba yangu, na mzee mmoja wa kwenu, na mama. Patriki asiwepo. Na utamchukua Gerald njiani, maana sitaongea na mtu yeyote kabla sijamshika.

Judith

*

Basotu
21 Julai 2006

Judith,

Nimepima Katesh. Majibu ni salama, na wamesema nirudie baada ya miezi mitatu.

Nilipokuwa nangoja kuitwa, nilikuwa nimevuta kofia mpaka puani. Kila aliyepita dirishani nilimwona Patriki. Nikasema, huyu anakwenda kuniandikia barua. Mikono ilikuwa inatoa jasho kama ya mtu aliyeiba, na sikuwa nimeiba kitu. Hapo ndipo nilipokukumbuka na mfuko wako.

Umeuliza ni lipi kati ya yale mawili. Ni la pili. Haikuwahi kunijia kwamba mimi naweza kuulizwa.

Mavuno yanaisha wiki hii. Nakuja na baba mdogo Tluway na mama. Gerald atakuwa begani kwangu.

Bura

*

Tlawi
10 Septemba 2006

Dada Hadiya,

Shikamoo. Tangu nirudi hatujakaa tukazungumza vizuri, na wiki hii hukupita huku, kwa hiyo naandika.

Ulishasikia kwamba walikuja Masieda. Baba aliwaacha wakae nje mpaka chai ilipoiva, halafu akamwambia Bura maneno ambayo sitayaandika. Bura alisikiliza akiwa amesimama. Mama ndiye aliyekuja jikoni nilipokuwa. Hakutoa hotuba. Alisema, "Nilikuuza, mwanangu, kwa sababu ya uzio," akaanza kulia. Sikulia naye. Nilimpa kigoda akakaa, nikaendelea kumenya viazi, na baadaye akachukua kisu kingine akanisaidia. Tumefika hapo. Kesho huenda tukasogea.

Majirani wanajua sasa. Mama aliwaambia mwenyewe kwenye kikao cha akina mama. Wawili wameacha kuja kwetu. Mmoja alikuja kwa kujificha akauliza wewe unapatikana siku gani.

Lakini hili ndilo ninalotaka kukuambia. Jumanne nilikwenda kuchukua dawa za mama. Kwenye benchi la mwisho alikaa Patriki, amegeuza uso ukutani. Aliponiona alitaka kuinuka, nami nikamwambia, "Kaa, shemeji." Nikakaa kando yake. Tukakaa kama watu wawili kwenye msiba wa mtu wasiyemjua.

Mwishowe akasema, bila kunitazama, "Nilidhani umeniona siku ile. Nikaona niseme mimi kwanza, kabla hujasema wewe."

Nikamwuliza, "Efrazia anajua?"

"Hajui. Kila nikija naambiwa nilete msaidizi, nazungusha maneno." Akapangusa uso kwa kofia. "Shemeji, wewe umezoea. Nikubalie. Uwe msaidizi wangu, na Efrazia asijue."

Dada, nilimchukia na nikamhurumia kwa pumzi moja. Nikamwona akiwa amesimama uani kwangu na karatasi mkononi. Nikaona pia shingo yake ilivyokonda. Nikamwambia, "Patriki, siri moja ilinitoa nyumbani kwangu. Ya pili siibebi. Mwambie mkeo, naye akapime, maana huenda anahitaji dawa kama wewe. Ukimwambia, hata akikukimbia, nitakuja kila siku mpaka ujue kumeza bila mimi. Usipomwambia, sitasema kwa mtu, ila usiniombe tena."

Aliitwa ndani kabla hajanijibu.

Jana jioni alikuja mpaka kwetu, akasimama nje ya uzio. Anaogopa kumwambia peke yake. Ameomba wewe na mimi tuwepo. Nilimjibu kwamba mimi nitakuwepo. Je, Alhamisi utaweza? Bura anasema atamwomba Hamis mwenyewe akulete, na pikipiki iegeshwe mbele ya nyumba.

Mdogo wako,
Judith